Mkokoteni Mmoja Kabla ya Kimbunga

"Hodi hapa."

Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua. Koti lake la mvua lilichuruzika maji na mkononi alikuwa na vijitabu.

"Shikamoo, mama. Natoka idara ya maafa. Kimbunga kitafika leo alasiri. Kile kijitabu cha mwezi uliopita mlikisoma?"

Mshonaji aliinamisha macho. Karatasi za kijitabu hicho zilikuwa ngumu, nzuri. Alizikata zote ziwe vipimo vya kola za sare za shule.

"Tulikivaa shingoni," mumewe alisema.

Msichana hakucheka. Hapo ndipo hofu ilipomwingia mshonaji.

"Tutafungua madirisha," mume aliendelea. "Upepo uingie huku, utokee kule, uende zake."

"Hapana, baba. Ukiingia, unainua paa kutoka ndani. Yafungeni, kisha msibaki humu." Alitazama juu. Mabati yalikuwa yameanza kugongana. "Nendeni shuleni, kwenye jengo la zege, kabla ya saa saba. Zimeni umeme. Chukueni maji, dawa, na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni. Upepo ukitulia ghafla, msitoke. Hilo ni jicho la kimbunga linapita. Upepo utarudi kutoka upande wa pili." Akageukia nyumba ya pili. "Na mwalimu mstaafu hapo jirani, asiyeweza kutembea? Nani atamchukua?"

"Mimi," mshonaji alisema.

"Nisirudi kwa ajili yake?"

"Usirudi, binti yangu. Nimekuahidi."

Ilipofika saa sita, upepo ulikuwa ukipiga mluzi. Mshonaji alitoka na mfuko wa vyeti, kijitabu kipya kikiwa ndani yake. Mumewe alikuwa ameshafunga cherehani juu ya mkokoteni walioazima kwa muuza maji.

"Tuipeleke hii kwanza," alisema. "Mwalimu tutamrudia."

Bati la nyumba ya mbele lilichomoka, likapita juu yao kama karatasi. Mshonaji alishika kamba ya mkokoteni.

"Shusha, mume wangu."

"Tutakula nini?"

"Shusha. Nilimwambia yule binti asirudi."

Mume alifungua kamba, wakairudisha cherehani ndani. Walimbeba mwalimu, wakamlaza mkokotenini.

"Polepole, wanangu," mwalimu alisema. "Nimekaa kama gunia, lakini ndani kuna mtu."

Shuleni walikaa sakafuni, mbali na madirisha. Upepo ulinguruma mpaka watoto wakaziba masikio. Halafu, ghafla, kimya. Jua likawaka. Mume akainuka.

"Nikaitazame cherehani mara moja tu."

Mshonaji alimshika shati kwa mikono miwili. "Hilo ndilo jicho lenyewe. Kaa."

"Kaa, kijana," mwalimu alisema. "Somo halijaisha."

Mume akaketi. Muda si muda upepo ukarudi kutoka upande wa pili, mkali kuliko wa kwanza. Mti wa uwanjani ukaanguka ukiziba njia ambayo mume angepita.

Asubuhi walirudi mtaani. Paa lao halikuwepo. Cherehani ilikuwa imepondeka chini ya matofali. Mshonaji aligusa gurudumu lake, akajifuta macho kwa kanga.

Kisha waliingia kwa mwalimu. Ukuta mzima ulikuwa umekilalia kitanda chake.

Mume aliinama, akaondoa tofali moja juu ya mto.

"Na mimi nilisema tungemrudia," alisema.