Hiske Aliyefutwa Kwenye Kanda

Giza la Januari lilikuwa linalishukia jimbo la Friesland, Uholanzi, wakati Sybren Dijkema alipoegesha gari mbele ya nyumba ya Bi Aukje, na tayari alikuwa amekwishamdharau. Aliyadharau mapazia yake. Aliwadharau bata wawili wa udongo waliopangwa dirishani. Hata kengele ya mlango aliibonyeza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu cha mgonjwa.

Alikuwa amefuata kanda moja tu.

Sybren alikusanya maonyesho ya zamani ya muziki wa roki, yale yaliyorekodiwa kwa siri na watazamaji wenyewe, kinasa sauti kikiwa kimefichwa chini ya koti. Chumba chake mjini Leeuwarden kilijaa kanda toka sakafuni hadi darini. Wakusanyaji wenzake aliwaita waokota makopo. Lakini waliomchefua kabisa ni watazamaji: wale waliokohoa, waliopiga miluzi, walioitana katikati ya gitaa.

"Ng'ombe," alikuwa akisema. "Wamekuja kuharibu tu."

Kanda hii ilikuwa ya Harrow Lane, bendi ya Waingereza, walipopiga mjini Groningen mwaka 1974. Hakukuwa na rekodi nyingine ya onyesho lile. Aliyeinasa ni Hiske, binti wa Bi Aukje, msichana wa miaka kumi na saba. Usiku ule hakufika nyumbani. Pikipiki ya rafiki yake iliteleza kwenye barafu. Kanda ilikutwa mfukoni mwa koti lake, nzima.

"Vua viatu," Bi Aukje alisema mlangoni. Alikuwa kikongwe, mgongo umepinda, macho bado makali. Alimmiminia kahawa, akampa biskuti moja, akalifunga kopo.

"Kila jioni namsikiliza," alisema. "Ana maneno, mtoto huyu! Jana kaniuliza kama nimekula."

Sybren alikificha kicheko ndani ya kikombe. "Kanda haibadiliki, mama. Masikio ndiyo yanazeeka."

"Yangu hayana shida. Hata hicho kicheko ulichokimeza nimekisikia."

Akabonyeza kitufe cha mashine yake kuukuu. Ngoma zikapasuka, kisha gitaa likaingia, safi, karibu, kama linapigwa pale mezani. Mwili wa Sybren ulisisimka. Halafu, karibu zaidi kuliko gitaa, msichana akaanza kuufuatisha wimbo kwa mguno. Akacheka.

Sybren akasonya. Uzuri wote ule, na kisichana kinaguna juu yake!

"Nitainakili tu," alisema. "Kesho nakurudishia."

Bi Aukje alimshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Chukua. Lakini usimguse."

"Nani?"

"Unamjua ninayemsema."

Sybren aliahidi. Alipofika ndani ya gari alicheka kwa sauti. "Kibibi kichaa!"

Nyumbani hakuvua hata koti. Alihamishia kanda kwenye kompyuta, akavaa spika za masikioni, akaanza kazi. Mashine yake iliweza kuichomoa sauti moja kutoka kwenye kelele zote, kama mtu anavyochomoa mwiba wa samaki. Akaufuta mguno. Akakifuta kicheko. Msichana aliponong'ona, "Jamani, mkono umekufa ganzi," Sybren akamfuta kabla hajamaliza.

Kisha, kati ya wimbo na wimbo...

"Mama, huyu ni nani?"

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Sauti ilikuwa ileile, imeshuka, kama ya mtu aliyeamka na kukuta mgeni chumbani.

Anaongea na mtu ukumbini, Sybren alijiambia. Lakini ni msichana gani angekwenda na mama yake kuwasikiliza Harrow Lane? Halafu dharau yake ikamrudia, akashukuru kuiona.

"Ng'ombe mwingine," alisema, na akafuta.

Hakuishia hapo. Aliwafuta wote: waliokohoa, waliopiga miluzi, makofi, vifijo, ukumbi mzima. Kikabaki muziki mtupu. Akamtumia Joop, mkusanyaji mwenzake, apate kuumwa na wivu vizuri.

Joop alipiga simu kabla Sybren hajavua viatu.

"We mzee, umefanya nini?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha mno! Watu wako wapi? Wimbo unakwisha halafu... kimya. Kama wamepigia makaburini."

"Wivu huo, Joop," Sybren alisema, akakata.

Kesho yake alasiri alimrudishia Bi Aukje kanda yake. Bibi aliitia kwenye mashine, akakaa, akainamisha sikio. Ngoma. Gitaa. Bibi alingoja.

Hakuna mguno.

Wimbo ukaisha. Hakuna makofi. Hakuna hata kikohozi.

Sybren aliikodolea macho mashine. Hii ilikuwa kanda yenyewe. Hakuwa ameigusa! Alichokifuta ni nakala, kule kwenye kompyuta.

"Yuko wapi?" Bi Aukje aliuliza.

"Mama, mimi sikui..."

"Yuko wapi, Sybren?"

Hakulia. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama uchafu wa mbwa kwenye soli ya kiatu.

"Umemtoa," alisema. "Na hakuwa peke yake mle ndani, mjinga wewe. Ukumbi ulikuwa umejaa."

Sybren aliendesha gari bila kukumbuka njia. Nje giza lilikuwa limeingia alipoingia chumbani kwake. Alichomoa kanda nyingine rafuni, yoyote tu, apate kutulia. Wimbo ulipigwa hadi mwisho.

Kimya.

Akachomoa nyingine. Kimya. Nyingine tena... Watu walikuwa wameondoka kwenye kanda zake zote.

Ndipo akasikia harufu. Makoti yaliyoloa mvua. Tumbaku. Bia iliyomwagika chini na kukanyagwa.

Akanyoosha mkono kutafuta swichi ya taa.

Akashika mkono wa koti.

Wa sufu. Umeloa. Na ndani yake kulikuwa na mtu.

Alirudi nyuma, mgongo wake ukagonga bega. Mtu akakohoa kisogoni pake. Mwingine akapiga mluzi mrefu. Kisha makofi yakaanza, taratibu, ya watu waliochoka kungoja. Pa. Pa. Pa. Yalitoka kila upande, yakatoka hata ndani ya kuta. Mikono ikamsukuma, si kwa ukali, mpaka akajikuta katikati ya kiduara kitupu.

Sybren hakuwahi kupiga chombo chochote. Hakuwahi kuimba hata bafuni.

"Tokeni," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikafia njiani.

Makofi yakakatika. Karibu na kifua chake, msichana akanong'ona huku akizuia kicheko:

"Shhh! Nyamazeni jamani. Anaanza."

Joop alipita siku mbili baadaye, kwa kuwa simu haikupokewa. Mlango ulikuwa wazi na gari lipo. Sybren hakuwepo. Sakafu ya chumba cha kanda ilikuwa imeloa na kukanyagwa matope, nyayo juu ya nyayo, isipokuwa mviringo mdogo katikati.

Kando ya kompyuta aliikuta namba ya Bi Aukje, mwenye kanda, akampigia.

"Ah, Hiske karudi," bibi alisema kwa furaha. "Karudi kwenye kanda yake tangu juzi jioni. Anacheka huyo! Anasema hajapata kuona onyesho bovu kama hili."

Nyuma yake, ndani ya simu, Joop alisikia umati. Walikuwa wanazomea. Na chini ya zomeazomea ile, kitu kama sauti ya mwanamume aliyekaukiwa na koo, akijaribu wimbo.

"Onyesho gani, mama?" Joop aliuliza. "Sybren yuko wapi?"

Bi Aukje alisikiliza kidogo, kama anayeuliza mtu pembeni.

"Bado hawajamruhusu kushuka jukwaani," alisema, akaweka simu chini.