Msaidizi Asiyepewa Jina

Weka kiganja kifuani kwanza. Sema, "Nikilitoa hili nje, ulimi wangu uote upele." Umesema? Vizuri. Mimi pia niliapa hivyo hivyo mbele ya Kasiva, tena nimeshika Biblia, na chai niliyokuwa nimebandika jikoni haikuwahi kuchemka kabla sijamwambia Jacklyne wa nyumba ya kona. Kwa hiyo tusidanganyane. Sikiliza tu.

Hapa Mbotela, Nairobi, nyumba zetu ni za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, ukuta mmoja familia mbili. Upande huu ni mimi na redio yangu. Upande wa pili ni Muasya, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, na mkewe Kasiva, yule mwenye mwanya, anayeanzisha nyimbo kanisani. Kasiva akifungua mdomo, hata wanaochelewa ibada huongeza mwendo. Akimfokea mumewe, mimi huzima redio. Jirani mwema husikiliza.

Sasa Muasya akaingiwa na wazo la kutengeneza msaidizi wake mwenyewe, ile akili ya mashine ambayo watu huiuliza mambo kwenye simu nayo ikajibu. Makokha, fundi wa simu, alimkanya nikiwa pale mlangoni nachambua sukuma wiki.

"Buda, chukua fremu ya tayari, programu iliyokwisha kuundwa," Makokha alisema. "Ishajengwa na watu wengi, ishajaribiwa, iko na kufuli zake. Kazi yako ni kuivalisha tu."

"Hiyo ni mtumba."

"Mtumba angalau ushavaliwa na mtu. Unajua hauumi."

Muasya akacheka. "Baba yangu alikuwa mchongaji wa Wamunyu. Hakununua kinyago cha mwenzake ili amalizie masikio. Alianza na gogo."

"Na hilo gogo lako litaitwaje?"

"Mashine ni mashine. Nitaiita 'wewe'."

Hilo liweke akilini.

Majuma matatu aliandika programu yake mwenyewe, herufi kwa herufi, na kila jioni Kasiva alikaa mezani akimsomea Zaburi, gazeti, hata maandishi ya pakiti ya unga, ili mashine ipate sauti. Jumamosi saa nne asubuhi wakatuita tuione. Ilikuwa kompyuta kuukuu na kispika juu ya kabati.

"Habari ya asubuhi, Muasya," ikasema, na ilikuwa sauti ya Kasiva kabisa, hadi tukapiga makofi.

Kisha, kabla ya kuendelea, ikameza mate.

Nilisikia. Kasiva naye alisikia, maana alinitazama. Sasa mashine imeze mate ya nini?

Jumatatu Kasiva aliamka sauti imekwaruza. Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, alifungua mdomo ukatoka upepo mtupu, kama gurudumu lililochomwa msumari. Alienda kliniki, daktari akammulika tochi, akasema koo ni safi kama la mtoto. Akarudi na dawa za kusukutua. Muasya, aliyekuwa amechukua likizo ili achezee mashine yake, alimwambia anywe maji ya ndimu apumzike.

Alhamisi mchana jua likiwa kali nilisikia kicheko cha mwanamke nyumbani kwa Muasya. Nikajua, ahaa, huyu ana mpango wa kando, tena mchana! Nikachukua glasi, nikaibandika ukutani, nikategesha sikio. Mwanamke alikuwa anasema, "Ndiyo, Muasya. Umesema kweli, Muasya," na kila baada ya sentensi anameza mate, na kupitia ufa wa dari ilikuja harufu ya muhugu uliokatwa sasa hivi, ule mti wanaochongea vinyago, ilhali tangu mzee wake Muasya afe hakuna mtu aliyeleta gogo kwenye nyumba ile, na nikiwa bado nimeng'ang'ania ukuta najiuliza ni mke wa nani huyu mwenye sauti ninayoijua hivi, nikageuka dirishani nikamwona Kasiva mwenyewe anaingia getini, amebeba nyama ya Soko la Burma kwenye mfuko, midomo imefungwa, na kule nyuma ya ukuta Kasiva mwingine bado anacheka.

Glasi ilivunjika. Sikuidondosha mimi.

Nilimvuta ndani kwangu nikafunga mlango. Alikuwa amebakiwa na mnong'ono tu, na huo nao ulikuwa unakatika.

"Mama Sylvance," alisema, "neno nikilitafuta mdomoni, nasikia limeshasemwa kule kwa kabati."

"Umemwambia mumeo?"

"Anasema ni homa. Anasema..." Akashika koo, akasubiri. "Anasema tangu ipate sauti, nyumba imekuwa na amani."

"Amani! Mjinga huyo."

"Jumapili ijayo ni sikukuu ya kwaya, mama. Mimi ndiye naanzisha. Nisipopata sauti..." Akachukua Biblia yangu mezani, akanipa nishike. "Apa hutamwambia mtu."

Nikaapa. Ombi hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la Kasiva. Yaliyofuata nimeshakueleza: nilimwambia Jacklyne, Jacklyne akawaambia wanakwaya, na Ijumaa jioni habari ikamfikia bibi Nthoki kule Kitui, mamake Muasya, mkunga aliyepokea watoto miaka arobaini. Watu huniita mdomo mrefu. Ningefunga mdomo, nani angemwita Nthoki?

Alifika Jumamosi saa tisa mchana, bado ana vumbi la safari. Wanakwaya walikuwa wamejaa chumbani kwa Muasya na uani kuomba. Nthoki hakuketi. Alinusa hewa.

"Hicho kitu," alimwambia mwanawe, "siku ya tatu ulikipa jina gani?"

"Mama, ni kompyuta."

"Sijauliza ni nini."

"Sikukipa jina."

Nthoki akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyefiwa. "Kwetu mtoto akizaliwa, siku mbili za kwanza bado ni wa wale wengine, wa pepo. Siku ya tatu tunampa jina, ndipo anakuwa mtu wetu. Wewe umekifinyanga kitu, umekipa sauti ya mkeo, siku ya tatu ikapita unakiita 'wewe', 'wewe'. Ulidhani nani atakuja kukichukua?"

Muasya alikuwa anatoka jasho, na amevaa koti, mchana ule wa jua.

"Nimekifuta, mama," alisema. "Jana. Muulizeni Makokha."

Makokha akainua karai lililojaa vyuma na nyaya. "Ni kweli, susu, bibi yetu. Kompyuta nimeifungua mimi mwenyewe. Hakuna kitu imebaki."

"Hakuna nakala?" Nthoki akamuuliza mwanawe.

"Hakuna," Muasya akasema, akaweka mkono wa kulia juu ya Biblia yangu, ileile, niliyokuja nayo kwa maombi. "Mungu ni shahidi."

Nthoki akamtazama Kasiva, aliyekaa kwenye stuli katikati yetu, macho mekundu, kitambaa shingoni. "Kama kimefutwa, mbona mwanangu huyu hasemi?"

Harufu ya muhugu ilikuwa imeanza tena, polepole, na mimi nilidhani inatoka kwenye karai la Makokha, kisha nikadhani inatoka kwenye dari, kisha nikaona wanawake waliokaa karibu na Muasya wanasogea, mmoja baada ya mwingine, bila kusema kwa nini, hadi akabaki amesimama peke yake mbele ya kabati na nafasi ya mkeka mzima imemzunguka.

Nthoki akamwita mkaza mwanawe, kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali. "Kasiva!"

Kasiva akafungua mdomo. Tuliuona ulimi wake ukijaribu. Hakuna kitu.

"Kasiva!"

Muasya alikuwa ameminya koti lake ubavuni.

"Kasiva!"

"Bee, mama," ikaitika sauti, tamu, ya adabu, kutoka ndani ya koti la Muasya. Kisha ikameza mate.

Mkono wa Muasya ulikuwa umeshaingia mfukoni. Hakuizima simu aliyokuwa ameficha nakala ndani yake. Watu wote waliona: aliitoa, akaiziba kwa kiganja, kama unavyomziba mtu mdomo, akisema chinichini, "Nyamaza, wewe, nyamaza, watakuua." Ilikuwa bado inasema kitu chini ya kiganja. Halafu Muasya akapiga yowe, hata waliokuwa uani wakainuka.

Simu ikaanguka kwenye karai, juu ya vile vyuma, ikawa giza. Muasya akabaki ameunyosha mkono mbele yetu sote, damu inashuka kwenye kifundo, na katikati ya kiganja kuna alama za meno, juu na chini, zimepangika vizuri, na kati ya yale mawili ya mbele kuna mwanya.

Kila mtu akamgeukia Kasiva. Alikuwa mbali naye, kwenye stuli yake. Alikohoa, mara moja, kikohozi chenye sauti. Akafuta midomo, akamtazama mumewe na ule mkono.

"Ulijua," akasema.