Dada Aliye Bora Kuliko Bahiga

Kivuli kilisimama kabla ya Bahiga.

Alikiona mchana, katika chumba chenye giza ambamo watu wa studio walikuwa wakivitazama vipande vya filamu vilivyotoka kusafishwa. Ilikuwa filamu bubu, mapenzi na vichekesho: mtumishi anateleza kwenye ngazi za nyumba ya Bey, bwana tajiri, anaangukia miguuni pa kijana wa nyumba, mapenzi yanaanza. Mtumishi ni Bahiga. Kijana ni Shafiq, aliyekuwa amemposa kweli. Harusi ingefungwa mara tu filamu itakapokamilika. Pale ukutani Bahiga bado alikuwa chini, sketi imemfunika uso, na kivuli chake kimesimama wima ngazini, kinajitengeneza nywele.

"Rudisha hapo," alisema.

"Ni taa tu, bibi," mwendesha mashine alinong'ona. Hakurudisha.

Chumba kilinuka udongo mbichi.

"Umeona alivyonitazama alipoinuka?" Shafiq aliuliza, macho ukutani. "Wewe hujanitazama hivyo hata siku moja."

"Si mimi yule?"

"Ni wewe." Akacheka. "Ila wa pale ni bora."

Tangu siku hiyo Shafiq akawa anaomba kipande kilekile. Bahiga alimkuta amesogeza kiti hadi ukutani, kiganja juu ya shavu la picha lenye kidoti, na wivu ukamshika: angemng'oa nani nywele, ikiwa nywele zenyewe ni zake?

Akamwendea Mama Sidqi, aliyekuwa akiwavalisha waigizaji kabla hajafukuzwa. Alimkuta mlangoni akichambua mlenda.

"Ulianguka sana baada ya mimi kufukuzwa?" mama aliuliza.

"Mpaka Bwana Vitali aliporidhika."

"Na hakuna aliyesema neno?"

Bahiga aliinamisha kichwa. Kila alipoanguka, Mama Sidqi alikuwa akipaza sauti kama mama yeyote wa Aleksandria: Jina la Mungu juu yako, na juu ya dada yako aliye bora kuliko wewe. Bahiga akicheka, picha inaharibika. Ndipo Bwana Vitali, mwongozaji, akamtoa nje: "Filamu haina sauti, mama! Unambariki nani?"

"Kila mtu ana dada yake chini ya ardhi," alisema Mama Sidqi polepole. "Ukianguka, unamwangukia yeye. Ndiyo maana tunamtaja, tena tunamsifu, asione wivu. Nyinyi mmemkanyaga, mkamcheka. Nenda uanguke ngazi zilezile, na Shafiq ayaseme maneno yote. Yote, mwanangu, usipunguze."

Kesho yake, studio ikiwa tupu kwa chakula cha mchana, Bahiga alipanda ngazi za mbao. Shafiq alisimama chini.

"Useme jina la Mungu juu yangu na juu ya dada yangu. Uishie hapo."

"Mama Sidqi alikuwa akimalizia 'aliye bora kuliko...'"

"Hilo usiseme!"

"Mbona?"

"Ulishalisema, mbele ya picha ile."

Shafiq akainua mabega. Bahiga akajiachia.

Alisikia sauti ya Shafiq ikitaja jina la Mungu, ikamtaja dada, ikakatika, kisha akasikia chini ya mbao kitu kikivuta pumzi na kuizuia, kama mtu anayengoja amaliziwe, na harufu ya udongo ikampanda puani, na baridi ya vidole ikamshika kifundo cha mguu, ndipo akataka kuyasema mwenyewe yale maneno, aliye bora, aliye bora kuliko mimi, midomo ikasema, ulimi ukasema, wala hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa mpini wa kamera uliokuwa ukizungushwa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Umeumia, mpenzi?" Shafiq aliuliza, akimwinua mwanamke.

"Hata kidogo," alijibu yule. Kidoti cha Bahiga kilikuwa kwenye shavu la kulia. Cha huyu kilikuwa kwenye la kushoto.

Siku ya onyesho la kwanza maharusi waliketi mbele. Mtumishi alipoteleza, ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mama Sidqi, nyuma kwenye viti vya bei rahisi, hakucheka. Mtumishi hakuinuka. Alikuwa miguuni pa kijana, akiwatazama watu, midomo ikienda haraka, na hapakutokea maandishi ya kueleza anasema nini.

"Jina la Mungu juu yako, mwanangu," Mama Sidqi alilia.

Bibi harusi aligeuka taratibu, mkono wake ndani ya mkono wa Shafiq, akatabasamu gizani.

"Na juu ya dada yake?" aliuliza. "Malizia, mama. Safari hii malizia."