Mmwaga Maziwa wa Chumba cha Juu

Hii nilihadithiwa na shangazi yangu Domitila, enzi hizo akifagia vyumba kwenye nyumba ya wageni hapa Verakruzi, nyuma ya forodha.

Walikuja mtu na mkewe kutoka Puebla, huko bara, kutembea tu, waone bahari. Mume Gildardo, mke Otilia, ndoa bado mbichi. Asubuhi wakaenda mkahawani, na Gildardo akafurahi kama mtoto: unagonga glasi kwa kijiko, mtu anakuja na birika, anakumwagia maziwa kwenye kahawa mpaka useme inatosha. Akarudi na ile glasi chumbani, kaificha ndani ya shati.

Mchana, mji wote umelala kwa joto, Domitila kakaa kwenye ngazi anapunga upepo. Akasikia huko juu, ting, ting, ting.

"We Gildardo! Umeiba, na kelele juu!" Mke anacheka.

"Nataka maziwa! Mhudumu yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua. Halafu viatu vinaburuzika, vinapanda ngazi polepole, na mwenye viatu hayupo. Vikampita Domitila palepale alipokaa.

"Dada! Dada, njoo!" Otilia akaita kutoka juu.

Akamkuta Gildardo kashika glasi mdomoni anakunywa, na haiishi, maziwa yanashuka kutoka hewani, birika hulioni, yanamjaa mdomo yanamwagika kidevuni yanalowesha shati na kitanda na sakafu, macho yamemtoka anamtazama mkewe, na mkewe anaivuta glasi kwa mikono miwili analia, "Inatosha! Inatosha baba, nakuomba!" na maziwa hayasikii.

Domitila akakimbilia sokoni kwa Nikanora, muuza samaki aliyejua kufukuza vitu. Nikanora akaja na yai na mrihani, akampitishia mwili mzima, anasali.

"Ni yule mhudumu wa zamani, alifia kazini," akanong'ona. "Mama, wewe usijichoshe. Aliyemwita ndiye aseme."

"Atasemaje, mdomo umejaa?"

Yai likampasukia Nikanora mkononi, jeupe tupu, halina kiini.

Ndipo Gildardo akasema, "Inatosha." Maziwa yakakatika.

Otilia akamrukia shingoni. Lakini Domitila na Nikanora wakatazamana. Sauti ilikuwa ya mzee, mtu wa huku kwetu pwani, anayemeza mwisho wa maneno. Gildardo akachukua taulo, akaitundika mkononi, akaanza kufuta meza.

"Nikuletee nini kingine, bibie?"

"Muone! Keshaanza utani wake!" Otilia anacheka, machozi yanamtoka.

"Mwambie," Domitila akamnong'oneza Nikanora.

"Nimwambie nini? Eti huyu siye?"

Mtu na mkewe wakashuka na masanduku yao, wameshikana mikono, Otilia kaegemea bega lile. Shangazi akabaki na ndoo yake, anakausha sakafu. Akasikia ukutani, kwa lafudhi ya Puebla, sauti kama ya mtu anayezama: "Otilia… usiniache. Otilia!"

Akakimbilia dirishani. Teksi ilishakata kona.

Haya, vuteni shuka. Sitaki kusikia mtu anaongea. Laleni.