Kengele ya Suban Ndani ya Simu

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga jikoni, na papo hapo simu ya Sahra ikaita. Alfajiri ilikuwa bado. Kila siku ilikuwa hivyo: chai ikichemka, Mohamednoor anapiga.

"Asalaam aleikum, Sahra wangu. Umeamkaje?"

"Waaleikum salaam. Nimeamka salama. Huko Ijara kuna habari gani?"

"Kuna amani. Nakukumbuka tu."

Sahra akatabasamu. Zilibaki siku tisa wafunge nikaha. Mchumba wake alikuwa na kampuni changa hapa Garissa, inayoonyesha mifugo mubashara kwenye simu ili mnunuzi wa mbali achague bila kusafiri. Wiki tatu sasa alikuwa Ijara akirekodi video za ng'ombe. Ndivyo alivyosema.

Bibi yake, Raho, alikuwa akitandika mkeka wa kuswalia. Akasimama ghafla.

"Weka sauti juu."

"Ayeyo, jamani! Ni maneno ya wachumba haya."

"Maneno yenu siyataki. Nataka hiyo kengele."

Nyuma ya sauti ya Mohamednoor ililia kengele ya mti, ya ngamia. Ko, ko, kisha mlio mmoja mzito, kama kitu kilichopasuka.

Raho akachukua simu, akaikata.

"Hiyo ni kengele ya Suban."

"Suban gani?"

"Ngamia wa mama yake Mohamednoor. Nilipougua, kijana huyu aliniletea maziwa ya Suban kila jioni, miezi miwili, hakukosa hata siku moja. Kengele yake ilikuwa na ufa. Naijua kama ninavyojua kikohozi chako." Akashusha sauti. "Suban alikufa na ule ukame, Sahra. Kengele ikatiwa motoni. Nilikuwepo."

Kesho yake simu ilipoita, Raho alikaa kando akisoma dua taratibu. Sahra hakungoja salamu.

"Mohamednoor, Suban hajambo?"

Jibu likaja bila hata pumzi kusikika.

"Suban yuko vizuri, alhamdulillahi. Anatoa maziwa mengi."

Sahra akainuka.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni wako, Sahra. Nitakuwa karibu nawe siku zote."

Ko, ko. Kisha ule mlio mzito.

Akakata. Ikaita tena. Akakata. Ndipo ujumbe ukaingia kutoka namba nyingine:

"Dada Sahra, usiongee nayo tena. Unasikilizwa. Njoo ofisini asubuhi. Wendy."

Wendy alikuwa msichana wa Meru aliyeajiriwa na Mohamednoor kutengeneza programu za kampuni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati. Alimvutia Sahra kiti, akampa maji kwanza.

"Si jini, dada. Ni mashine. Tuliifundisha sauti yake kwa rekodi za zamani alizokuwa akituma kutoka malishoni. Ikashika na kengele."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nairobi. Wiki zote tatu."

"Kwa nini?"

"Video za mifugo zilikuwa kitu kizuri. Mzee mmoja wa Kotile anauza fahali wake bila kumtembeza siku tatu hadi sokoni. Lakini wawekezaji wakasema video kila mtu anazo. Wanataka sauti inayozungumza na wateja bila mwenyewe kuwepo. Wakataka wathibitishiwe kwamba hata mtu anayempenda mwenye sauti hawezi kutambua kuwa si yeye."

Sahra akaweka glasi chini.

"Nikisema nampenda, walikuwa wakisikia?"

"Wawekezaji wawili, na mimi. Na yeye." Wendy akainamisha kichwa. "Ile asubuhi uliyomlilia mama yako marehemu, nilizima. Niliwaambia stima imepotea. Sikuweza zaidi ya hapo. Nisamehe."

Sahra akamshika mkono. Hakuna mwingine aliyemfikiria asubuhi ile.

Mohamednoor alifika kwa basi kesho yake, vumbi hadi kwenye kope. Sahra alimpokea getini, Raho akiwa amesimama nyuma yake.

"Wendy ameniambia kila kitu," Sahra alisema.

"Nimeifuta. Nimewaambia sitaki tena. Wallahi, nilidhani ni sauti yangu, basi ni kama mimi."

"Siku niliposema naiogopa ndoa, nani alinijibu?"

"Mashine."

"Ilinijibu vizuri. Nikatulia siku nzima. Hilo ndilo linaloniuma, Mohamednoor. Wewe ulikuwa unasikia, ukaiacha ijibu."

"Sikujua la kusema."

"Sema sasa."

Akahangaika na mkono wa shati lake.

"Mimi pia naogopa. Naogopa utanichoka. Naogopa kampuni itakufa, nirudi kwenu mikono mitupu. Nilitaka... sijui. Sijui, Sahra."

Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu kusikia akikwama katikati ya maneno. Sahra alitaka kumwonea huruma.

Simu yake ikaita.

Jina kwenye kioo lilikuwa Mohamednoor. Mohamednoor mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, mikono mitupu. Raho akanong'ona bismillahi. Sahra akapokea, akaweka sauti juu.

"Asalaam aleikum, Sahra wangu. Mbona hupokei?"

Mohamednoor akarudi nyuma hatua moja.

"Niliifuta. Kwa mikono yangu."

"Basi huyu ni nani?"

"Wamebaki na nakala, na namba yangu," alisema taratibu. "Wale wa Nairobi."

"Nakupenda," sauti iliendelea, tamu, bila kuchoka. "Kuna mtu hapo nawe?"

Kijana akaegemea geti, akaficha uso. Ndipo Sahra alipoona kwamba huyu naye ameibiwa: sauti yake si yake tena. Akazima simu, akatoa laini, akampa bibi yake.

"Nikaha haitakuwa wiki ijayo," alisema.

"Najua."

"Sijakuacha. Lakini siolewi kwa maneno niliyoambiwa na kitu kingine. Tutaanza upya, tangu salamu ya kwanza."

Raho alikuwa ameshaleta kikombe cha chai. Akamwekea Mohamednoor mkononi.

"Kunywa kwanza. Umesafiri."

Alikunywa amesimama, wakimtazama koo likipanda na kushuka. Alipomaliza, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akageuka kwenda.

"Mohamednoor," Sahra akamwita. "Kesho uje tena. Na keshokutwa. Uje wewe mwenyewe."