Aliyeufukia Msingi wa Muuza Magodoro

Msingi ulikuwa umetoweka.

Jana yake, kwa maelezo ya mlalamikaji, palikuwa na mtaro wa kina cha goti uliochora vyumba vitatu na jiko. Asubuhi hii palikuwa na uwanja mtupu, safi, tambarare.

"Nimeibiwa shimo, afande!" alilia muuza magodoro.

"Shimo haliibiwi," alijibu Inspekta, ambaye kituoni walimwita Subira kwa sababu hakuwa nayo hata chembe. "Limefukiwa."

"Basi limefukiwa! Na mkaguzi wa majengo anakuja leo saa nane!"

Hapo ndipo palipouma. Halmashauri haikuwa na mchezo: ukianza kujenga unatoa taarifa, kisha mkaguzi anakuja kuuona msingi ungali wazi, kabla ya zege. Muuza magodoro alikwishatoa taarifa kwamba ujenzi umeanza rasmi, na kibali chake kilikuwa kinaisha leo. Mkaguzi akikuta uwanja, taarifa ni ya uongo na kibali kimekufa. Nyumba aliyoiota miaka yote ingekwenda na maji.

Koplo alinyunyiza poda ya alama za vidole kwenye mpini wa sepetu lililoachwa kiwanjani.

"Hakuna alama, afande. Limeoshwa. Kwa sabuni."

Inspekta alilinusa. Kweli, sabuni ya kufulia. Kando yake, vigingi vya fundi vilikuwa vimefungwa pamoja kama kuni na kamba imekunjwa vizuri. Juu ya udongo, kutoka nyuma ya kiwanja hadi barabarani, kulikuwa na alama za ufagio zilizopinda upande mmoja. Inspekta hakuwa amewahi kuona mhalifu aliyefagia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa fundi mwashi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno. Uliza shavu hili."

Shavu lilikuwa limevimba kweli.

"Kamba zako huwa unazikunja hivi?"

"Mimi? Zikikunjwa zitadhani nimekufa."

Wa pili alikuwa jirani, mzee mwenye dirisha moja linalotazama kiwanja.

"Nyumba hii ingekuzibia mwanga."

"Ingenizibia kabisa."

"Kwa hiyo ukafukia."

"Sikufukia! Nilitazama tu."

"Ulitazama nini?"

"Akina mama watano na majembe. Walikuwa wanaimba. Nikadhani ndio ujenzi wenyewe."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Halafu mwanga nao mtamu, afande."

Inspekta aliomba maji ya kunawa. Muuza magodoro akampeleka nyumbani kwake, vyumba viwili vya kupanga mtaa wa pili. Uani, Inspekta alisimama ghafla. Ardhi ilikuwa imefagiwa, na alama za ufagio zimepinda upande uleule.

Mke wa muuza magodoro alikuwa anakunja nguo.

"Mama, naomba nione viganja vyako."

Alivifungua bila ubishi. Vilijaa malengelenge.

"Uliosaidiana nao ni nani?"

"Dada zangu. Wasiguswe. Wazo ni langu."

"Na sepetu? Umeliosha kuficha ushahidi?"

"Ni la fundi. Nimwachie chafu?"

"Mke wangu!" mume alipayuka. "Umefukia nyumba yetu?"

"Yetu?" Nguo ilimwanguka mkononi. "Afande, andika. Huyu bwana alitoa taarifa halmashauri. Akatoa kwa kaka zake. Akatoa kwa kinyozi! Juzi shangazi yake kaja hapa na futi ya kupimia, ananiuliza pazia za chumba chake ziwe rangi gani. Nikamwuliza, chumba kipi? Nyumba ipi? Akanicheka, afande. Jikoni kwangu. Miaka yote nalala katikati ya magodoro ya dukani, na nyumba yangu naisikia kwa mgeni."

"Nilitaka nikushtukize," mume alisema kwa sauti ndogo.

"Nilishtuka."

Koplo aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Inspekta hakucheka. Alimhurumia yule mama, tena sana, ingawa sura yake haikuzoea kazi hiyo.

"Mlalamikaji, nimfungulie mashtaka?"

Muuza magodoro alivitazama vile viganja kwa muda mrefu.

"Mke wangu," alisema hatimaye, "nakuarifu kwamba tumeanza kujenga."

"Tumeanza?"

"Nimeanza. Bila wewe. Nimekosa, nisamehe."

"Na shangazi?"

Alitoa simu palepale. Kelele za shangazi zilisikika hadi barabarani, lakini mume alipokata simu chumba cha shangazi kilikuwa kimebaki wazi. Mke akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Saa nane mkaguzi alipofika, aliwakuta akina mama watano, fundi mwenye shavu, koplo, na Inspekta aliyevua koti, wote wamo mtaroni wamelowa jasho. Udongo ulikuwa laini bado, na kazi ilikuwa imekwenda mbio. Mkaguzi alipima kina, akapima upana, akaridhika.

"Sasa nithibitishieni," alisema. "Ujenzi umeanza rasmi lini?"

Muuza magodoro alimtazama mkewe.

"Muulize mwenye nyumba."

Mama aliegemea jembe lake.

"Leo," alisema.