Mlango wa Upande wa Barabara

Mvua ilikuwa haijanyesha Uvira kwa wiki saba, lakini kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kimelowa.

Toussaint alilirudisha Jumapili baada ya misa, akaliegesha mbele ya nyumba ya Marie-Rose, kule Rugenge. Lilikuwa gari dogo jeupe la familia, la milango minne, alilonunua kwake miezi miwili iliyopita. Alishuka, akasimama mbali nalo.

"Mama Irambona, sikuje kukugombeza," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hii gari iko na muntu ndani."

Marie-Rose hakuuliza muntu gani.

"Inanuka matope ya muto. Dorine wangu alikaa nyuma, akasema kuko mutoto mwenzake mule, analia, hana viatu. Mbona haukuniambia?"

"Ungeinunua?"

Toussaint akaweka ufunguo juu ya boneti.

Mto ulipofurika mwezi wa nne, maji yaliwakuta barabarani, Marie-Rose kwenye usukani, na nyuma Irambona, mwanawe wa pekee, wa miaka sita. Marie-Rose maji yalimtoa kupitia dirisha lake. Gari yalilikokota hadi ukingo wa ziwa, na wavuvi wakamtoa mtoto, amekwisha kufa, kwa kuvunja kioo cha nyuma. Fundi aliingia kwa mlango wa kulia, akalikausha, akaweka kioo kipya. Marie-Rose aliliuza upesi, kwa sababu kila alipolipita uani alisikia kitu kikigonga.

Wakamwita Déogratias, katekista. Alinyunyiza maji ya baraka, akainua msalaba.

"Kwa jina la Yesu, weye roho, toka."

Kikagonga ndani, mlango wa nyuma, kushoto.

"Toka."

Kikagonga tena, kwa haraka zaidi, na harufu ya matope ikapanda mchana ule wa jua kali, na kishikizo cha ndani kikaanza kuvutwa na kuachiliwa, kuvutwa na kuachiliwa, bila mkono wowote kuonekana, huku kioo kikifanya ukungu mahali pamoja tu, padogo, kwenye kimo cha mdomo wa mtoto.

"Hii roho ni kaidi," katekista alinong'ona.

"Si kaidi," alisema Marie-Rose. "Anatii. Anashindwa kufungua."

Ubavuni mwa mlango ule kulikuwa na kichuma kidogo. Ukikishusha, aliye ndani hawezi kufungua. Wa nje tu ndiye aweza. Alikishusha yeye mwenyewe, kwa maana ule ulikuwa upande wa barabara, na mtoto wake alikuwa mwepesi wa mkono. Toussaint naye, kwa hofu ileile ya wazazi, alikuwa akiwashusha wanawe kwa mlango wa kulia. Tangu siku ya mafuriko hakuna aliyeufungua.

Kwa kitambo Marie-Rose alitamani kulinunua tena, lilale uani, amsikie akigonga mpaka siku yake mwenyewe ya kufa. Kisha akasema Salamu Maria moja, taratibu, akafungua.

"Shuka, papa, mwanangu. Mama amefungua."

Kiti kikainuka, kama kinavyoinuka mtu akikiacha. Nyayo mbili ndogo zenye maji zikatokea vumbini, zikamkabili. Hazikuelekea ziwani.

"Sasa umwambie aende, mama," alisema Déogratias.

Marie-Rose alifungua kinywa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeshikwa, na mkono uliokishika ulikuwa baridi, una matope.